Mgeni anayerudi

Umoja wa Mataifa umeutenga mwaka huu wa 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Wazo lilitoka Mongolia, na Baraza Kuu likalipitisha Machi 2022. Tangu mwaka uanze maneno yamekuwa mengi, na nikiyachuja naona yanatoka kambi mbili. Kambi ya kwanza inamsifu mfugaji anayehamahama: anaishi kwenye ardhi ambayo jembe haliiwezi, nyanda hizo zimechukua zaidi ya nusu ya nchi kavu yote ya dunia, na mifugo yake inageuza nyasi kuwa nyama na maziwa bila kuomba umwagiliaji. Kambi ya pili inamwona kama mabaki ya zama zilizopita: mtu asiye na anwani, anayeingiza ng'ombe kwenye mashamba ya watu, ambaye angetulia mahali pamoja angepata shule na zahanati kama wenzake. Kambi hizi zinarushiana maneno makali, lakini zimekaa upande mmoja kuliko zinavyodhani. Zote zinatazama ng'ombe na nyasi. Sijasikia wengi wakiuliza mfugaji huyo anawafanyia nini watu ambao hawahami.

Jibu langu ni kwamba anawafahamisha wao kwa wao. Vijiji viwili vilivyo mbali, ambavyo wakazi wake hawana sababu ya kutembeleana, hujuana kupitia mtu anayepita kwenye vyote viwili: mfugaji, mchuuzi, baharia, mpagazi, fundi wa kuzunguka. Hilo peke yake si jipya. Ninalotaka kulisisitiza ni jambo ambalo hata wanaomtetea hulikosea, pale wanapoimba sifa za kutembea na uhuru wa kuvuka mipaka. Kutembea hakuunganishi watu. Mtalii hupita vijiji mia na asiunganishe hata viwili. Kinachounganisha ni kurudi. Mtu anayehama akajulikana kuwa atarudi ni daraja, na mtu yuleyule akikatizwa njia ya kurudi anageuka mpita njia, na mpita njia ana kila sababu ya kuchukua anachoweza na kwenda zake.

Tuanze na chumvi. Bilma ni oasisi ya kaskazini-mashariki mwa Niger, ng'ambo ya jangwa la Ténéré. Wakazi wake wana mashimo ya chumvi na wana mitende, lakini hawana nafaka ya kuwatosha. Mamia ya kilomita kusini-magharibi, katika nchi ya Wahausa, wakulima wana mawele na mtama, na wanahitaji chumvi, hasa ya mifugo. Mchota chumvi wa Bilma na mkulima wa Kihausa hawaonani wala hawasemi lugha moja ya nyumbani, lakini kwa vizazi vingi mmoja amekula jasho la mwenzake, kwa sababu katikati yao walikuwapo Watuareg wa Kel Ewey, wenyeji wa milima ya Aïr. Misafara yao ya ngamia ilipeleka nafaka Bilma, ikatoka na chumvi na tende, kisha ikateremka kusini kuuza na kununua nafaka nyingine. Malori yameipunguza sana biashara hiyo. Hata hivyo utaratibu wake unafundisha, hasa kile kilichokuwa kikifanyika kule kusini. Msafara haukushusha mzigo na kugeuka. Ulikaa miezi ya kiangazi. Ngamia walikula mabua kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, samadi ikabaki shambani kwa msimu ujao, na wenye ngamia walifikia kwa wenyeji waliowazoea. Ukikaa kwa mtu miezi kadhaa kila mwaka unajua nani ameoa, nani amefilisika, kisima kipi kimekauka. Habari hizo hupanda ngamia pamoja na nafaka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini waliotulia wasiende kutafutana wenyewe. Kuna sababu ya kawaida: shamba halina likizo, na siku ambazo mkulima mmoja ana nafasi ndizo siku ambazo jirani zake wote wana nafasi, kwa hiyo anayetembelewa kwa urahisi ni jirani. Lakini kuna sababu ya ndani zaidi. Watu wanaokaa pamoja huishia kujua mambo yaleyale. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu jinsi walivyopata kazi zao. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban asilimia 17 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 56 hivi walionana naye mara mojamoja, na asilimia 28 kwa nadra sana. Rafiki wa karibu anakupenda zaidi, lakini anajua unachokijua. Habari mpya iko kwa yule wa mbali. Mwaka 1998 Duncan Watts na Steven Strogatz walionyesha kwa hesabu kwamba ukichukua mtandao ambamo kila mmoja anajuana na majirani zake tu, kisha ukaongeza njia za mkato chache mno, umbali kati ya mtu yeyote na mwenzake unaporomoka ghafla. Hazihitajiki njia nyingi. Ndiyo maana jamii yenye wakulima maelfu inaweza kuunganishwa na familia chache za wafugaji, na ndiyo maana familia hizo chache zikizuiwa, hasara haionekani kwenye takwimu za mazao hadi siku mbaya ifike.

Hapa lazima niweke tahadhari, kwa sababu nadharia hii hupendwa kupita kiasi. Granovetter aliviita vifungo hivyo dhaifu, na wengi wakaelewa kwamba udhaifu ndio nguvu yake, kana kwamba kumjua mtu kijuujuu kunatosha. Kifungo cha mfugaji na mwenyeji wake si dhaifu hata kidogo. Ni cha nadra. Wanaonana mara moja au mbili kwa mwaka, lakini kilicho kati yao kinaweza kuwa ng'ombe aliyeachwa alelewe, deni la miaka mitatu, au mtoto aliyepewa jina la mwenyeji. Ukichanganya nadra na udhaifu utadhani kwamba mtu yeyote apitaye anaweza kufanya kazi hiyo.

Mjerumani Georg Simmel, akiandika mwaka 1908, alitofautisha aina mbili za wageni. Kuna msafiri anayekuja leo na kuondoka kesho, na kuna mgeni anayekuja leo na kubaki kesho, yule mfanyabiashara anayeishi kati ya watu asiotoka miongoni mwao, karibu nao na mbali nao kwa wakati mmoja. Simmel alivutiwa na huyu wa pili, na tangu hapo wasomi wamemwandika sana. Nadhani alimruka wa tatu: anayekuja leo, akaondoka kesho, akarudi mwakani. Lugha yetu inamjua. Tuna methali inayosema mgeni njoo mwenyeji apone, na tuna nyingine inayotaka mgeni wa siku ya tatu apewe jembe. Watu huzisoma kama methali zinazopingana. Mimi naona zinamzungumzia mtu mmoja. Yule ambaye ujio wake unaponya ni yule aliyekaa muda wa kutosha kushika jembe, kisha akaondoka kabla hajawa mzigo, na mwenyeji akabaki akimtazamia.

Kiswahili chenyewe kimepata umbo lake pwani kwa mtindo huo. Ni lugha ya Kibantu, lakini ilikua katika miji iliyopokea majahazi kwa ratiba ya upepo. Kaskazi iliyaleta kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na hakuna nahodha aliyeweza kurudi kabla kusi haijaanza kuvuma. Ngojo hiyo ya miezi, ambayo mfanyabiashara wa leo angeiita hasara, ndiyo iliyozaa ndoa, udugu na maneno. Meli ya injini haina haja ya kungoja, na sijui lugha iliyozaliwa bandarini kwenye makontena. Karne ya 19 lugha hiyohiyo ilipanda bara kwa miguu ya misafara hadi Tabora, Ujiji na Kongo. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walipanga safari zao kwa kufuata kilimo: walitoka kiangazi na kujitahidi kuwa nyumbani mvua zikianza. Walikuwa wakulima na wasafiri kwa zamu, kwa hiyo walirudi pande zote mbili.

Sasa pingamizi. La kwanza na linalosikika zaidi ni simu. Inadaiwa kwamba anayetembea alikuwa barua, na barua imepata chombo bora. Mkulima anaweza kujua bei ya soko la mbali akiwa kitandani, na pesa hufika kabla hujamaliza kusema. Sehemu kubwa ya hoja hii ni kweli, na wanaojifanya haiwahusu wanajidanganya. Nilipokuwa mtoto habari za shangazi yangu zilikuja kwa utingo wa basi. Alileta bahasha, fedha ndani, na hakuna aliyezihesabu mbele yake kwa sababu kila mtu alijua wiki ijayo atapita tena. Kazi hiyo ya bahasha simu imemnyang'anya, na sawasawa, maana simu haichelewi wala haipinduki kwenye kona. Lakini nakumbuka pia siku moja alipokabidhi bahasha akasema, bila kuulizwa, kwamba shangazi amekonda. Barua ndani ilisema yu mzima. Mama alifunga safari kesho yake. Simu hubeba kile ambacho mtumaji ameamua kukisema. Anayetembea hubeba alichokiona, hata kile ambacho mwenyewe angependa kifichwe, na habari za aina hiyo ndizo zinazookoa watu, mifugo na akiba za nafaka. Isitoshe, ili nikupigie lazima kwanza niwe na namba yako na sababu ya kukuamini, na mara nyingi vyote viwili nimevipata kwa mtu aliyetukutanisha. Wafugaji wenyewe wana simu. Wanapiga mbele kuuliza mvua imenyesha wapi. Wanayempigia ni mwenyeji wa mwaka jana.

Pingamizi la pili ni la uaminifu, na ndilo dhaifu kuliko yote, ingawa husemwa kwa kujiamini sana: asiye na makazi hana wa kumdai, kwa hiyo hawezi kuaminika. Historia inasema karibu kinyume chake. Katika sinagogi ya Ben Ezra, Cairo ya kale, kulikuwa na chumba ambamo karatasi zilihifadhiwa kwa karne nyingi kwa sababu haikufaa kutupa maandishi yenye jina la Mungu. Mwishoni mwa karne ya 19 sehemu kubwa ya karatasi hizo ilihamishiwa Cambridge, na humo zikakutwa barua za wafanyabiashara Wayahudi wa karne ya 11 waliokuwa wakisafiri na kutumiana bidhaa kati ya Misri, Tunisia na Sicily. Ukisoma yaliyotafsiriwa unashangaa jinsi watu hawa walivyoihofia sifa mbaya. Mzigo ulikabidhiwa mtu aliye bandari ya mbali bila polisi wala mahakama ya kumfikia upesi, na aliyeula alijua kwamba habari zake zitamtangulia kila atakapotia nanga. Mtu aliyetulia ana ukoo, ardhi na mwenyekiti wa kijiji wa kumfichia aibu. Anayehama ana jina lake tu, na jina hilo linapimwa upya kila anapofika. Nani kati ya hawa wawili ana sababu kubwa zaidi ya kutunza ahadi? Sisemi kwamba wote wanatunza. Nasema kipimo si makazi, ni kama anatarajiwa tena.

La tatu ni magonjwa, na hili lina uzito. Watu na wanyama wanaosafiri hubeba vimelea, na hakuna falsafa ya kulifuta hilo. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliteketeza sehemu kubwa mno ya ng'ombe, na mwendo wa mifugo ulikuwa njia yake. Lakini tazama jinsi sotoka ilivyokwisha. Chanjo nzuri ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake kuanzia miaka ya 1950, lakini ilidai ubaridi, na ubaridi haufiki kwenye malisho ya mbali. Baadaye ilipopatikana chanjo inayovumilia joto, wataalamu walilazimika kukubali jambo ambalo ofisi nyingi zilikuwa zikilikataa: wafugaji wenyewe wafundishwe kuchanja. Katika maeneo kama Afar ya Ethiopia, Karamoja na Sudan Kusini ya sasa, ambako magari ya serikali hayakuingia, wahudumu wa mifugo waliotoka miongoni mwa wafugaji walichanja makundi yao na kueleza ugonjwa umeonekana wapi na lini. Walikuwa na majina ya dalili, na walikumbuka miaka. Kisa cha mwisho kilichothibitishwa kilikuwa cha mwaka 2001 nchini Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia kutokomezwa baada ya ndui. Njia iliyobeba ugonjwa ndiyo iliyobeba dawa. Na hata kabla ya chanjo, miji yenye akili haikufunga bandari moja kwa moja. Ragusa, mji unaoitwa leo Dubrovnik, mwaka 1377 uliamuru wanaotoka kwenye maeneo yenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia, na Waitalia walipoziongeza hadi 40 ndipo dunia ikapata neno karantini. Waliishi kwa biashara. Walijua kwamba kumzuia mgeni kabisa ni kifo cha aina nyingine, kwa hiyo wakatafuta namna ya kumngojesha.

Pingamizi la nne ndilo linaloniumiza kichwa. Wakulima na wafugaji wanauana, kuanzia ukanda wa Sahel hadi huku kwetu mashariki, na mtu aliyezika ndugu yake baada ya ng'ombe kumaliza shamba hatasikiliza mahubiri kuhusu mitandao ya kijamii ya zama za ngamia. Sitajaribu kumwambia kwamba ni bahati mbaya tu. Naomba tu tuangalie ni mgeni yupi anayeua na kuuawa. Mapito ya mifugo yamelimwa, kwa kuwa watu wameongezeka na ardhi haikuongezeka, na serikali nyingi huhesabu pito kuwa ardhi tupu. Silaha zimekuwa rahisi kupatikana. Na kuna badiliko lisilotajwa vya kutosha: makundi mengi siku hizi si ya wanaoyachunga. Mwenye mali ni mfanyabiashara, askari au mwanasiasa aliye mjini, na mchungaji ni kijana wa mshahara ambaye mwakani huenda akawa kwa tajiri mwingine, katika njia nyingine. Kijana huyo hana mwenyeji. Baba yake hakulala katika kijiji hicho, hajui mzee wa kumwendea ng'ombe wakiingia shambani, na hana faida yoyote ya kulipa fidia kwa hiari kwa sababu hatarajii kuonekana tena. Kwa macho ya mkulima yeye na mfugaji wa zamani ni mtu mmoja, wote wana fimbo na ng'ombe. Kumbe mmoja alikuwa mgeni anayerudi na mwingine ni mpita njia. Hii haielezi kila pambano, na ukame na siasa zina nafasi yao. Lakini inaeleza kwa nini kufunga njia, dawa inayotolewa kila baada ya mauaji, mara nyingi huongeza sumu. Anayekatizwa njia aliyoizoea hupenya kwenye kijiji asichokijua, usiku.

Linabaki pingamizi la huduma: watulie wapate shule, hospitali na umeme. Kama hoja ya haki za mtoto siipingi. Kama hoja ya kulazimisha, tuna kumbukumbu mbaya. Kati ya 1930 na 1933 utawala wa Kisovieti uliwalazimisha Wakazaki kuacha kuhama na kuingia kwenye mashamba ya pamoja. Karibu asilimia 90 ya mifugo ilipotea, na takriban watu milioni 1.5 walikufa kwa njaa, walio wengi mno Wakazaki. Iran ya Reza Shah nayo iliwatulizisha wahamaji kwa nguvu katika miaka ya 1930, mifugo ikafa kwa wingi, na alipoondolewa madarakani mwaka 1941 wengi walikunja mahema na kurudi njiani. Jambo la kufurahisha ni kwamba nchi hiyohiyo baadaye ilipata jibu lingine: Mohammad Bahmanbeigi, mtoto wa kabila la Qashqai, alianzisha shule za mahema zilizohama pamoja na watu, na walimu wake wakatoka kwa wahamaji wenyewe. Shule ilikubali kutembea.

Sitaki kumaliza pingamizi nikiwa nimewafanya wanaohama kuwa malaika. Misafara iliyobeba Kiswahili hadi Kongo ilirudi pwani na pembe za ndovu na watumwa, na Tippu Tip alikuwa kiungo hodari kati ya bara na bahari kwa maana zote za neno hilo. Kamba hufunga mashua na hufunga shingo. Pia kifungo kinachotegemea mtu mmoja mmoja hukatika na mtu huyo. Mwaka 1907 Aurel Stein alichimbua karibu na Dunhuang, magharibi mwa China, barua za Wasogdia, wafanyabiashara wa Samarkand waliounganisha Asia kwa karne nyingi. Ni za mwanzoni mwa karne ya nne na hazikuwafikia walioandikiwa. Mojawapo iliandikwa na mwanamke aitwaye Miwnay, ambaye mumewe alimpeleka Dunhuang akamwacha huko miaka mitatu, hana fedha wala wa kumrudisha kwao. Anamwambia mumewe kwamba ni afadhali angekuwa mke wa mbwa au wa nguruwe. Hiyo ndiyo gharama ya mgeni asiyerudi, na nadhani hakuna takwimu inayoieleza vizuri zaidi ya hasira ya Miwnay.

Kama niko sahihi kuhusu kurudi, basi mambo kadhaa yanayofanywa mwaka huu yanaelekea pabaya, hata yale yenye nia njema. Sherehe ni mojawapo. UNESCO iliingiza uhamishaji wa mifugo wa Austria, Ugiriki na Italia katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2019, na mwaka 2023 orodha hiyo ikapanuliwa kufikia nchi kumi za Ulaya. Hispania walikuwa na chama cha wafugaji, Mesta, kilichopata hati ya kifalme mwaka 1273 na kudumu hadi 1836, chama kilichogombana na wakulima kwa karne tano na nusu. Kila vuli kondoo hupitishwa katikati ya jiji la Madrid na wachungaji hulipa jiji sarafu 50 za kizamani kwa kila kondoo elfu, kama hati ya kale inavyotaka, watu wakipiga picha. Ni jambo la kupendeza na lina faida moja halisi, kwa kuwa linawakumbusha wakazi kwamba barabara zile zilikuwa za kondoo. Lakini Hispania haikuishia kwenye picha. Sheria yake ya mwaka 1995 inalinda mapito ya mifugo yanayokadiriwa kufikia kilomita 125,000 kama mali ya umma isiyouzwa. Hilo ndilo la kuiga. Pito lililowekewa alama na kulindwa si upendeleo kwa mfugaji peke yake. Humwezesha mkulima kujua nani anakuja, lini, na wapi pa kumngojea.

Karatasi ni jambo la pili. Nchi za Afrika Magharibi zilikubaliana mwaka 1998, chini ya ECOWAS, jumuiya yao ya kiuchumi, kwamba mifugo ivuke mipaka kwa cheti cha pamoja, na Afrika Mashariki kupitia IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ikapitisha itifaki yake mwaka 2020. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, na baadhi ya serikali zimekuwa zikifunga mipaka kila zinapobanwa na wapiga kura. Nakubali kwamba mpaka usio na masharti hauwezekani tena. Ninacholalamikia ni kwamba masharti yenyewe yameandikwa kwa ajili ya mpita njia. Cheti cha ECOWAS kinataka idadi ya mifugo, chanjo walizopata, njia itakayofuatwa na vituo vya mpakani. Yote ni ya lazima, na yote yanahusu safari hii moja. Askari wa mpakani akikitazama hawezi kumtofautisha mzee ambaye ukoo wake umepita hapo miaka 40 na kijana aliyekodishwa juzi kwa ng'ombe 300 za bwana asiyejulikana. Ningeongeza mistari miwili. Wa kwanza ni jina la mwenye mifugo halisi, popote alipo, ili fidia imfuate mjini. Wa pili ni kijiji kilichoyapokea makundi hayo msimu uliopita, pamoja na sahihi ya mtu wa kijiji hicho aliye tayari kuyapokea tena. Mfugaji anayejua mtu wa kumwombea sahihi hiyo atakuwa ameipata kabla hata ofisi haijafunguliwa.